Batani Tano kwenye Mlango wa Dereva

Kule mtaa wa Kimumu, Eldoret, walikuwa wanasema kuna gari linalojifungua lenyewe. Limesimama, limezimwa, hakuna mtu karibu, halafu mlango unalia tak, na mtoto anayepita anavutwa ndani. Maneno hayo yalianza mwezi wa pili kwenye foleni ya maji, yakaingia saluni, yakafika mpaka kanisani. Wengine walisema gari ni jeusi. Wengine walisema ni la kijani.

Sajini Jepkemboi aliyasikia mara ya kwanza akinunua sukuma wiki, akacheka. Mara ya pili hakucheka. Kufika mwezi wa nne, kila akipita gari lililosimama peke yake alikuwa anaangalia mlango kwanza, na hilo lilimuudhi sana.

Halafu Ijumaa, saa nane mchana, mtoto wa miaka sita akapatikana ndani ya gari la kijani.

Mtoto aliitwa Nanzala. Mama yake, Mildred, alimtafuta saa mbili nzima, ploti kwa ploti, mpaka akaweka uso kwenye kioo cha nyuma cha gari la Mzee Simeon Kigen na kumwona mtoto amelala kwenye kiti, nguo zimeloa jasho kama amemwagiwa maji. Milango ilikuwa imefungwa. Mildred akapiga nduru. Mzee Kigen akatokea upande wa posho mill anakimbia, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua. Mtoto akapelekwa hospitali kwa bodaboda. Polisi walipofika, vijana walikuwa tayari wamewasha tairi moja na wanatafuta la pili, na Mzee Kigen amekaa chini katikati yao, kiatu kimoja hakipo.

Jumamosi asubuhi bosi wa stesheni alimwita Jepkemboi ofisini.

"Ufunguo ni mmoja," alisema. "Ulikuwa mfukoni mwake. Gari lilikuwa limefungwa na mtoto yuko ndani. Wewe unatafuta nini tena?"

"Mwenye posho mill anasema mzee alikuwa kwake tangu saa tano, anangoja mahindi yake yasagwe. Mtoto alionekana akicheza saa sita. Bosi, mzee hakuondoka pale."

"Mwenye posho mill ni rafiki yake."

"Kuna wamama wanne kwenye foleni. Sio rafiki zake."

"Basi nani alifungua?"

"Mlango wa dereva una batani tano. Nataka kujua zinafanya nini."

Bosi alifunga faili. "Jumatatu asubuhi mzee anaenda kortini kwa kuteka mtoto. Una leo na kesho."

*

Mzee Kigen alikuwa dereva wa shamba la mbegu miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Alikaa kwenye benchi la seli ameweka mikono magotini kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Mzee, namba ya kufungua gari lako ni gani?"

"Ufunguo hauna namba."

"Naongea zile batani za mlangoni."

"Zile ni za urembo. Wamarekani wanapenda urembo."

"Uliwahi kubonyeza?"

"Mara moja, nikipanguza vumbi. Zikawaka taa. Nikaacha."

"Miaka minne una gari na hukuuliza taa inawaka ya nini?"

"Sajini, hiyo gari ina taa nyingi zinawaka. Ningeuliza zote ningekuwa nimeiuza."

Jepkemboi aliandika. "Ulipewa makaratasi gani ukinunua?"

"Logbook. Na kitabu kikubwa cha Kiingereza. Panya walikula."

"Kadi ndogo je?"

"Kadi?" Alifikiri. "Nina kadi ya kliniki ya macho."

"Mtoto akiwa ndani, mbona hakufungua akatoka?"

"Handle ya ndani ya dereva ilivunjika kitambo. Mimi nashusha kioo, natoa mkono, nafungua kwa nje. Mlango ule mwingine wa mbele uligongwa, haufunguki. Ya nyuma ina lock ya watoto, haifunguki kwa ndani." Aliangalia miguu yake. "Mimi nimeizoea tu."

Nje ya seli Mildred alikuwa amesimama, leso imefungwa kiunoni, macho mekundu. Alikuwa ametoka hospitali kuja kuona kama mzee bado yuko ndani.

"Wewe na yeye ni watu wa lugha moja," alimwambia Jepkemboi. "Mimi nitajuaje unamuuliza nini?"

"Ndiyo maana nimemuuliza kwa Kiswahili, Mama Nanzala. Na nimemuuliza kwa sauti."

"Nimesikia. Batani. Mtoto wangu angekufa na wewe unauliza batani."

"Nikiongea na mtoto dakika tano tu..."

"Mtoto hataongea na polisi. Analala akishtuka. Mwachie apumzike." Aligeuka akaenda zake.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stesheni, chini ya ukuta. Jepkemboi alilizunguka na kitabu chake, akaandika kila alichoona. Gari kubwa la Kimarekani, mwaka tisini na saba. Limepakwa rangi upya. Namba ya gari imechongwa kwenye taa, kwenye side mirror mbili na kwenye vioo, kama gari lolote la mjini ambalo mwenyewe amechoka kuibiwa side mirror. Kioo cha dereva kimeshushwa mpaka chini, kwa sababu bila hivyo aliyeingia hatoki. Chini ya kioo hicho, batani tano za mpira kwa mstari mmoja, kila moja na namba mbili: moja na mbili, tatu na nne, hivyo mpaka tisa na sufuri.

Fundi Wabuge alikuja kutoka mtaa wa Huruma na mfuko wake wa spana. Aliangalia batani, akapiga mluzi.

"Hizi sijaona tangu nikiwa kijana. Sajini, hii ni keyless. Unapiga namba tano, mlango unafunguka bila ufunguo."

"Namba gani?"

"Ile kampuni iliweka. Mwenye gari anaweza kuongeza yake, na anaweza kuifuta. Lakini ile ya kampuni haifutiki. Inakaa na gari mpaka siku gari itakatwa chuma."

"Kwa hivyo kila mtu aliyewahi kuwa na hii gari anaweza kuifungua mpaka leo."

"Kama alijua. Wengi hawajui. Wanafikiri ni urembo."

Wabuge alisema namba hiyo huandikwa mahali pawili. Kwanza ni kastika kadogo ka karatasi kwenye bawaba ya buti. Walifungua buti, wakatoa gunia, jeki na viatu vya shambani. Bawaba ilikuwa imepakwa rangi ya kijani pamoja na kastika kake. Wabuge alikwangua polepole kwa wembe. Rangi ikatoka. Karatasi ikatoka na rangi.

"Aliyepaka hii gari apewe mbuzi," Wabuge alisema.

"Mahali pa pili?"

"Kuna kasanduku chini ya dashibodi. Itabidi tufungue."

Ilichukua saa mbili na nusu. Skrubu tatu zilikuwa zimeliwa na kutu, ya nne haikuwepo. Jua likapanda. Taa ya ndani ya gari ilikuwa inawaka muda wote na hakuna aliyeikumbuka. Mwishowe Wabuge alijitoa chini ya usukani ameshika kasanduku keusi kamejaa grisi.

"Soma, Sajini. Macho yangu yameingia vumbi."

Jepkemboi alipangusa kwa kidole. "Saba. Tatu." Akapangusa tena. "Halafu ni mafuta."

"Saba tatu tu?"

"Saba tatu na mafuta."

Wabuge alihesabu kwa vidole. "Zimebaki tatu. Batani ni tano. Hiyo ni mara mia moja ishirini na tano."

"Tuanze."

"Sajini."

"Rudisha kasanduku mahali pake, Wabuge. Tuanze."

Walianza. Wabuge alibonyeza, Jepkemboi akaandika. Wakikosea mara nyingi batani zinazimika, inabidi wangoje dakika moja ziwake tena. Askari wa zamu alileta kiti, akakaa kutazama kama anaangalia mpira. Walipofika mara ya sitini na mbili taa za batani zikafifia, zikazima, hazikuwaka tena. Wabuge alizungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja.

"Betri imekufa," alisema. "Ile taa ya ndani."

"Utachaji lini?"

"Kesho baada ya kanisa. Leo stima imepotea Huruma yote."

*

Aliyemuuzia Mzee Kigen gari alikuwa karani mmoja anaitwa Nicholas, anakaa mtaa wa West Indies. Simu yake ilikuwa mteja, haipatikani. Jepkemboi alienda mwenyewe. Getini jirani akamwambia, bila kuulizwa, kwamba Nicholas hakuwa nyumbani Ijumaa. Alikuwa Kimumu.

Nicholas alifungua mlango ameshika shavu.

"Ijumaa saa sita ulikuwa wapi?"

"Kimumu."

"Kufanya nini?"

Alifungua mdomo akamwonyesha. Upande wa kushoto palikuwa na shimo na pamba yenye damu. Halafu akatoa karatasi ya daktari wa meno, ina muhuri, ina saa aliyoingia na saa aliyotoka.

Jepkemboi aliirudisha. "Ulipokuwa na lile gari la kijani, namba ya batani ulikuwa unajua?"

"Ilikuwa kwa kadi ndogo nyeupe, ndani ya droo ya dashibodi. Sikuitumia. Nilimwachia mzee ndani ya droo."

"Unaikumbuka?"

"Zilikuwa tano. Ya mwisho ni nane." Alishika shavu. "Au sita."

"Uliambia mtu mwingine?"

"Ningemwambia nani, na mimi mwenyewe sikumbuki?"

Alirudi stesheni, akapekua droo ya dashibodi. Alipata njugu, tochi bila betri, na risiti ya rangi. Alimwendea mzee tena.

"Mzee, kulikuwa na kadi nyeupe ya kufungua gari ndani ya droo. Iko wapi?"

"Kama ilikuwa kwa droo, iko kwa droo."

"Haipo."

"Basi sijui, Sajini. Ukiniuliza mara kumi nitakujibu hivyo mara kumi."

Jumamosi ikaisha hivyo. Kastika kameenda na rangi, kasanduku kamefunikwa mafuta, kadi haionekani, betri imekufa. Na hata angeipata namba, bado angeulizwa nani mwingine aliijua, na jibu hana.

*

Jumapili saa nane Wabuge alikuwa anarudisha betri mahali pake Mildred alipotokea kwenye geti la nyuma. Safari hii alikuwa amemshika Nanzala mkono. Mtoto alikuwa na plasta mkononi pale alipowekewa maji ya dripu, na kofia ya sufu kichwani.

"Wamemruhusu aende nyumbani," Mildred alisema. "Tangu asubuhi ananiambia kitu kimoja tu. Nimeona ukisikie wewe, kwa sababu mimi sikielewi. Na nataka nione ukimwandika mtoto vile amesema, sio vile unataka."

Jepkemboi alichuchumaa. "Habari yako, Nanzala."

Mtoto alijificha nyuma ya leso.

"Mwambie shangazi vile uliniambia."

"Sikuvutwa," Nanzala alisema kwenye leso. "Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

"Namba."

Mildred alivuta pumzi. "Nimemfundisha kusoma namba za gari. Tangu yale maneno yaanze. Nilimwambia, ukiona gari hulijui, soma namba yake yote ukaikariri, uje uniambie. Ili mtu akimchukua..."

"Ulifanya vizuri," Jepkemboi alisema, na hakujua kama anasema kweli. "Nanzala, ulisoma namba ya huku nyuma?"

"Ya nyuma nilisoma. Ya mbele nilisoma. Ya kioo nilisoma." Alitoka kwenye leso hatua moja, akaangalia mlango wa dereva, halafu akakunja uso. "Imepotea."

"Nini imepotea?"

"Namba ya kioo."

Jepkemboi aliangalia mlango. Kioo kilikuwa chini, pale kilipokaa tangu Ijumaa. Wabuge alikishusha kila alipoingia. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemeza kiwiko pale mara sitini na mbili. Alifungua kitabu chake ukurasa wa Jumamosi. Taa, side mirror, vioo. Aliandika vioo, lakini kimoja hakukiona.

"Wabuge, pandisha kioo."

"Betri haijashika moto."

"Chukua umeme kwa gari la stesheni."

Waya zikaunganishwa. Wabuge akawasha. Kioo kikapanda kwa shida, kikisimama na kulia. Kwenye kona ya chini ilikuwa namba ya gari, imechongwa kwa herufi ndogo kama ilivyo kwenye vioo vingine. Chini yake, umbali wa kidole kutoka kwenye batani, mstari wa pili. Saba, tatu, tisa, tano, nane.

Askari wa zamu aliinuka kutoka kwenye kiti chake.

"Ondoa ufunguo," Jepkemboi alimwambia Wabuge. "Nakufungulia kwa nje. Ukitoka, funga milango kwa ufunguo." Halafu akamgeukia mtoto. "Nanzala, nionyeshe vile ulisoma."

Nanzala alimtazama mama yake. Mildred akatingisha kichwa kukubali. Mtoto akasimama kwa vidole vya miguu, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti kama yuko mbele ya ubao. "Saba." Akatafuta saba kwenye batani, akaigusa. "Tatu." Akagusa. Alisoma hivyo zote, moja juu kwenye kioo, moja chini kwenye batani, vile mwalimu anawafundisha kufuata namba kwa kidole.

Mlango ukalia tak.

Mildred aliruka nyuma na kumvuta mtoto.

"Halafu ukaingia?" Jepkemboi aliuliza kwa upole.

"Nikaona usukani. Nikafunga mlango kama mzee. Nikabonyeza zingine za ndani, ikalia tena. Nikataka kutoka, nikakosa ya kushika. Kukawa na joto. Nikaenda nyuma kulala ningoje mama."

Jepkemboi aliandika vile alivyosema, neno kwa neno, na Mildred akasoma mstari kwa mstari juu ya bega lake.

*

Mzee Kigen aliletwa nje aone kioo chake. Alivaa miwani, akainama sana.

"Hiyo ni kazi ya Gichuru," alisema. "Yule kijana wa kuchonga namba karibu na stendi. Aliniuliza, mzee, hakuna namba nyingine ya gari? Alisema mwizi akiona namba mbili anaogopa zaidi. Nikaingiza mkono kwa droo nikapata kadi imeandikwa namba. Nikampa. Alichonga kioo cha dereva kwa sababu nilimwambia ndicho wanavunja kwanza. Kadi hakunirudishia, na mimi sikuidai."

"Jana nilikuuliza kadi mara mbili, mzee."

"Sajini, ulisema kadi ya kufungua gari. Hii kwangu ilikuwa ya kuzuia wezi."

Bosi alitoka ofisini, akasimama, akaambiwa aujaribu mlango mwenyewe. Alibonyeza namba tano. Tak. Alibonyeza tena kama mtoto. Halafu akarudi ndani, na baada ya muda karani wa stesheni akaja na kitabu cha seli ili mzee atie sahihi. Kiatu chake kimoja hakikuwa kimepatikana. Alitia sahihi akiwa amevaa kandambili za askari.

Mildred alikuwa bado amesimama karibu na ukuta.

"Mzee," alisema.

"Mama Nanzala. Mtoto anakula?"

"Anakula uji kidogo."

"Basi." Alimrudishia Wabuge ufunguo aliokuwa amekabidhiwa. "Kata waya za hizo batani leo. Na utafute handle."

"Handle ya hii gari hakuna Eldoret, mzee."

"Basi itakaa hapa mpaka ipatikane. Mimi sitaipeleka nyumbani."

Mildred alimwomba Jepkemboi karatasi na kalamu. Alikaa kwenye kile kiti cha askari wa zamu, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, akisimama na kuangalia gari kila baada ya mstari. Jioni hiyo karatasi ilibandikwa kwenye geti la ploti yao Kimumu, pale vijana walipowashia tairi, na majivu yalikuwa bado chini yake.

MSIFANYE HAYA

Usinunue gari la zamani bila kuuliza linafunguliwa kwa njia ngapi. Ufunguo ni njia moja tu.

Usiseme kitu ni cha urembo kama hujui kazi yake.

Usichonge kwa kioo namba usiyoijua. Chonga ya gari peke yake.

Usitupe kadi ya gari na usiipe mtu.

Usiache handle ya ndani imevunjika ati umezoea. Mtoto hajazoea.

Usiegeshe gari juani mahali watoto wanacheza.

Usimfundishe mtoto kuogopa gari halafu umwache peke yake nalo. Hilo nilifanya mimi.

Usibebe maneno ya foleni ya maji ukayaleta nyumbani.

Usiwashe tairi kabla hujamuuliza mtoto.